Jua Lipo, na Mfupa Unapinda

Majira ya baridi ya mwaka 1918 kuingia 1919, Berlin ilikuwa na watoto wengi wenye matege. Vita vilikuwa vimekwisha, chakula kilikuwa haba, na jua halikuonekana kwa wiki nyingi mfululizo. Daktari wa watoto aitwaye Kurt Huldschinsky aliwachukua watoto wanne wenye ugonjwa huo, akawaweka chini ya taa ya zebaki inayotoa mwanga wa urujuanimno, akawapiga picha za eksirei kabla ya tiba na baada yake. Mifupa iliyokuwa laini ilianza kukaza. Kisha alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko tiba yenyewe: alimulika mkono mmoja tu, ule wa pili akauacha. Picha zilipotoka, mikono yote miwili ilikuwa inapona.

Mkono ambao mwanga haukuugusa ulipona kwa sababu ya mwanga. Maana yake kuna kitu kilichozaliwa kwenye ngozi, kikaingia kwenye damu, kikasafiri hadi kwenye mfupa uliokuwa mbali na taa, na mfupa ukatii. Huldschinsky hakuwahi kukiona kitu hicho kikifanya kazi ndani ya seli. Zana za kuonyesha hilo hazikuwapo. Wanazi walipotwaa nchi alikimbilia Misri, akafia Alexandria mwaka 1940. Nimelifikiria jaribio lake mara nyingi kwa sababu ya swali lililobaki wazi nyuma yake. Tunajua kwamba mfupa uliambiwa kitu. Uliambiwa nini hasa?

Tuanze na njia, maana yenyewe ni ndefu. Ndani ya ngozi kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 290 na 315 unapoipiga, moja ya pete zake za kaboni hukatika, na joto la mwili humalizia kazi: hiyo ndiyo vitamini D3. Ikitoka hapo bado haina nguvu. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo huibadilisha mara ya pili, na baada ya mabadiliko hayo mawili ndipo inapopatikana kalsitrioli, ambayo ni homoni kamili. Kiasi chake katika damu ni kidogo kupita kawaida: pikogramu 20 hadi 60 hivi kwa mililita moja, na pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa kwa trilioni.

Figo haziitengenezi kalsitrioli kwa kubahatisha. Shingoni, nyuma ya tezi ya koo, kuna vitezi vinne vya parathairoidi vinavyopima kalsiamu ya damu saa zote. Kalsiamu ikishuka, vitezi hutoa homoni yao, na figo hupata amri ya kuongeza kalsitrioli. Jambo hili nitalirudia baadaye kwa sababu uzito wote wa habari umelala hapa: mwili huongeza homoni hii pale damu inapopungukiwa na kalsiamu. Hali ya mfupa haiulizwi.

Mwaka 1969, huko Riverside, California, Mark Haussler na Anthony Norman walikuwa wakichunguza utumbo wa vifaranga. Walikuta umbo tendaji la vitamini D limeshikwa na protini ndani ya kiini cha seli, kwenye nyuzi za urithi zenyewe. Ugunduzi huo uligeuza mawazo ya watu. Vitamini nyingi husaidia vimeng'enya kazi zao za kila siku. Hii ilikuwa inaingia hadi mahali jeni zinapohifadhiwa. Protini hiyo ndiyo kipokezi cha vitamini D. Mwaka 1988 jeni ya kipokezi cha binadamu ilisomwa yote, ikaonekana kwamba kimeundwa kwa asidi amino 427: upande mmoja una sehemu mbili zilizokunjwa kuzunguka atomu za zinki, ambazo hushika DNA, na upande wa pili una shimo dogo linalotosha molekuli moja tu ya kalsitrioli.

Kalsitrioli huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubebwa. Ikishaingia kwenye shimo la kipokezi, mkia wa protini hujikunja na kuifunika. Umbo la kipokezi hubadilika, na kwa umbo hilo jipya hukamatana vizuri na mwenzake, kipokezi kingine kiitwacho RXR. Viwili hivyo vikiwa pamoja hutafuta mahali pa kutua kwenye DNA.

Hapa naomba msomaji anivumilie tusogee karibu kabisa. Kuna jeni ya mfupa iitwayo osteopontini. Mwaka 1990 watafiti walisoma kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni hiyo katika panya, wakapata mahali kipokezi kinapotua. Pameandikwa hivi: GGTTCA CGA GGTTCA. Herufi sita, kisha tatu, kisha zile sita za mwanzo tena. RXR hushika sita za kwanza, kipokezi cha vitamini D hushika sita za mwisho, na zile tatu za katikati hazishikwi na yeyote.

Unaweza kudhani herufi tatu zisizoshikwa hazina kazi. Mwaka 1991 kundi la Kazuhiko Umesono na Ronald Evans, katika Taasisi ya Salk huko California, lilionyesha jambo ambalo bado hunishangaza kila ninapolisoma. Waliandika fungu lile lile la herufi sita mara mbili, wakabadilisha kitu kimoja tu, yaani ukubwa wa nafasi ya katikati. Nafasi ikiwa ya herufi tatu, mahali hapo huitikia vitamini D. Ikiwa ya herufi nne, huitikia homoni ya tezi ya koo. Ikiwa ya tano, huitikia asidi itokanayo na vitamini A. Maneno ni yale yale. Umbali kati yake ndio unaoamua ni homoni ipi itakayosikilizwa. Sababu yake ni ya kimaumbile: DNA imejisokota, na kila herufi unayoongeza katikati huzungusha fungu la pili kuelekea upande mwingine, kwa hiyo jozi ya protini inayotoshea kwenye pengo la tatu haikai sawasawa kwenye pengo la nne. Baadaye ilionekana kwamba asili haifuati kanuni hiyo kwa ukali wa maabara. Mahali pengi pa kweli katika jeni zetu pameandikwa kwa kasoro: mbele ya jeni ya osteokalsini ya binadamu, kwa mfano, fungu la kwanza ni GGGTGA na la pili GGGGCA. Hata hivyo zile herufi tatu za katikati zipo.

Kutua ni mwanzo tu. Kipokezi hakifungui jeni peke yake. Huita protini nyingine. Baadhi huweka alama za kikemikali kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa, na sehemu hiyo hulegea. Nyingine huleta mtambo unaonakili jeni. Wala si lazima kituo kiwe jirani na jeni. Mwaka 2006 timu ya Wesley Pike, huko Madison, Wisconsin, ilikuta kwamba jeni moja muhimu ya mfupa katika panya huamriwa kutoka sehemu kadhaa, mojawapo ikiwa umbali wa herufi 76,000 hivi. DNA hujikunja mpaka sehemu hizo mbili zinakutana. Jeni hiyo huitwa RANKL, na ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Mfupa una seli za aina tatu zinazotuhusu. Osteoblasti hujenga. Osteoklasti humeng'enya mfupa kwa tindikali na vimeng'enya, na kalsiamu huingia kwenye damu. Osteosaiti ni osteoblasti zilizozikwa ndani ya mfupa zilioujenga zenyewe. Hizo ndizo nyingi kuliko zote, na huishi miaka mingi zikiwasiliana kwa vinywele vyembamba vinavyopita katika vijifereji vya mfupa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba vitamini D hujenga mifupa angetarajia kalsitrioli iziamshe osteoblasti na kuzinyamazisha osteoklasti.

Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Showa jijini Tokyo, kundi la Tatsuo Suda lilichapisha majaribio yake. Walichukua seli za bandama la panya, ambazo zina uwezo wa kugeuka kuwa osteoklasti, wakaziweka kwenye sahani ya maabara pamoja na osteoblasti, wakatia kalsitrioli. Osteoklasti zikazaliwa. Walipotenganisha seli hizo kwa utando mwembamba unaopitisha maji, hazikuzaliwa. Bila osteoblasti, hazikuzaliwa pia, hata kalsitrioli iwepo. Ikawa wazi kwamba homoni huzungumza na seli inayojenga, na seli inayojenga ndiyo inayoita ile inayobomoa, kwa kuigusa mwili kwa mwili. Miaka kumi baadaye protini inayofanya mguso huo ilipatikana, nayo ni RANKL. Kalsitrioli huingia kwenye kiini cha osteoblasti, huwasha jeni ya RANKL, protini hiyo hutokeza kwenye ngozi ya seli, na mbomoaji huzaliwa.

Kwa hiyo jibu la swali la Berlin linaanza kwa namna isiyopendeza. Moja ya mambo ya wazi kabisa ambayo kalsitrioli huiambia seli ya mfupa ni: mwite atakayekuvunja.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tukubali kwamba mfupa haukuumbwa kwa ajili ya kusimama tu. Ni ghala. Mtu mzima ana kalsiamu ya kama kilo moja, na asilimia 99 yake imo mifupani. Iliyomo kwenye damu ni kidogo sana, miligramu 8.5 hadi 10.5 kwa kila mililita 100, lakini hiyo kidogo ndiyo inayofanya moyo upige, misuli ikaze na kulegea, na neva zipeleke habari. Ikishuka mno, mtoto hukakamaa na kupata degedege. Wapo wachanga wanaofikishwa hospitali kwa degedege, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo ni upungufu wa vitamini D. Mtu anaweza kuishi miaka na miguu iliyopinda. Moyo usio na kalsiamu hauishi hata siku moja. Mwili umeshapanga nani atangulie, na ghala hufunguliwa kwa ajili ya damu bila ghala kuulizwa.

Basi mfupa hujengwa na nini? Jibu lilikuja kwa wanyama na watoto waliozaliwa bila kipokezi kinachofanya kazi. Mwaka 1997 panya wa namna hiyo walitengenezwa katika maabara mbili, moja Japani na nyingine Boston. Walizaliwa wazima, lakini baada ya kuachishwa kunyonya mifupa yao ikalainika kama ya mtoto mwenye matege. Kundi la Marie Demay la Boston likawapa chakula chenye kalsiamu na fosfati nyingi, pamoja na sukari ya maziwa inayosaidia kalsiamu kufyonzwa utumboni bila vitamini D. Mifupa ikakaza kama ya panya wa kawaida. Hawakuwa na kipokezi hata kimoja mwilini, hakuna seli ya mfupa iliyopata kuisikia kalsitrioli, na mifupa ilijengeka.

Kwa watoto jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana. Wapo watu wachache duniani wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya kipokezi hiki. Vitamini D hata ikiwa nyingi haiwafai, na wengi wao hupoteza nywele zote. Mwaka 1986 madaktari wa Paris walieleza jinsi walivyomtibu mtoto wa namna hiyo kwa kumtundikia dripu ya kalsiamu usiku baada ya usiku, kwa miezi. Mifupa ilipona. Kalsiamu ilipofika kwenye damu kwa njia nyingine, mfupa haukumhitaji mjumbe.

Kutokana na hayo ninaona kwamba kazi kubwa ya vitamini D kwa ajili ya mfupa haifanyikii kwenye mfupa. Hufanyikia utumboni, ambako kipokezi kile kile huwasha jeni za protini zinazopokea kalsiamu ya chakula na kuivusha hadi kwenye damu. Bila vitamini D, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu inayoliwa. Ikiwapo ya kutosha, hufyonza asilimia 30 hadi 40. Damu ikishashiba, kinachozidi hupelekwa mifupani. Mkono wa mtoto wa Berlin ambao haukumulikwa uliponea tumboni.

Lakini kalsitrioli ikipandishwa, na utumboni pakawa hamna cha kufyonza? Swali hilo lilijibiwa Ubelgiji mwaka 2012, katika maabara ya Geert Carmeliet huko Leuven. Waliwatoa panya kipokezi cha utumboni peke yake, kile cha mfupani wakakiacha. Panya hao hawakuweza kuchukua kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Vitezi vya shingo vikahangaika, figo zikamimina kalsitrioli, na homoni hiyo ikafika kwenye mfupa kwa wingi. Kalsiamu ya damu ilibaki ya kawaida kabisa. Daktari ambaye angepima damu tu angesema panya ni wazima. Mifupa yao ilikuwa myembamba, imetoboka, inavunjika. Osteoklasti zilikuwa zimeitwa, na zaidi ya hapo, kalsitrioli ilikuwa imewasha katika osteoblasti na osteosaiti jeni za vitu vinavyozuia madini yasigande kwenye mfupa mpya: zile zinazoongeza pairofosfati, na pamoja nazo osteopontini.

Osteopontini ndiyo ile yenye GGTTCA CGA GGTTCA. Homoni ile ile ambayo kwa jina lake tunauza maziwa ya unga hutua juu ya herufi hizo na kuamuru kwamba kalsiamu isiingie kwenye mfupa, kwa sababu damu inaihitaji zaidi. Seli mpya za mfupa zinaendelea kusuka utando wa protini, na utando huo unabaki laini.

Nilipolielewa hilo, nililiona upya jambo lililotokea Jos, Nigeria. Jos ina jua la kutosha mwaka mzima, na bado watoto wake walikuwa wakipata matege. Tom Thacher na wenzake, akiwemo John Pettifor wa Afrika Kusini ambaye alikwisha kuona hali kama hiyo vijijini kwao miaka ya 1970, waliwagawa watoto 123 wenye matege katika makundi matatu: wa vitamini D, wa kalsiamu, na wa vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Baada ya wiki 24, waliofikia kipimo cha kupona katika kundi la kalsiamu walikuwa asilimia 61. Katika kundi la vyote viwili, 58. Katika kundi la vitamini D peke yake, 19. Watoto hao walikuwa wakila kalsiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku, chini ya kiasi kilichomo katika kikombe kikubwa cha maziwa. Na walipopimwa damu, kalsitrioli yao ilikuwa juu.

Hapo pananiuma. Mtoto ambaye miguu yake inapinda ndiye aliye na amri nyingi zaidi za vitamini D zinazoingia kwenye seli za mifupa yake. Kila siku homoni inamfikia, inatua kwenye herufi zake, inawasha RANKL, na ghala lake linafunguliwa, kwa sababu sahani yake ina uji wa mahindi ambao asidi yake ya fitiki huikamata hata ile kalsiamu kidogo iliyomo. Mifupa ya mtoto huyo haikukosa jua, wala jeni zake hazina hitilafu. Kila kitu ndani ya mwili wake kinafanya kazi ipasavyo, na kwa kufanya kazi ipasavyo kinamlemaza.

Mfupa wenyewe hauko kimya wakati wote huo. Osteosaiti zikipata kalsitrioli nyingi huwasha jeni nyingine, ya homoni iitwayo FGF23, iliyogunduliwa mwaka 2000. Hiyo husafiri hadi kwenye figo na kuziambia zipunguze kalsitrioli na zitoe fosfati kwenye mkojo. Ni jibu la mfupa kwa figo, na katika hali ya kawaida ndilo linaloweka mizani. Kwa mtoto asiye na kalsiamu linaongeza hasara, kwani fosfati nayo ni sehemu ya madini ya mfupa. Nchini Gambia, ambako jua ni jingi, watoto wenye matege walikutwa na FGF23 iliyopanda sana.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea kusema tatizo hili halituhusu, na kuna ushahidi unaoweza kutufariji tukiusoma nusu. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili yao: wastani wa vitamini D katika damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50, kiwango ambacho nchi nyingi hukiona kinatosha. Hao ni watu wanaoshinda nje. Mtoto mchanga wa chumba kimoja, katika mtaa wenye ghorofa zinazotazamana, yuko chini ya jua hilo hilo la ikweta na halimfikii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi ulikuta kwamba matege ya wachanga wa pale yalitokana kweli na upungufu wa vitamini D. Na ndugu zetu wanaoishi Ghuba, ambako joto huwafungia watu ndani kwenye viyoyozi na mavazi hufunika mwili wote, wanajua vizuri vidonge vya vitamini D.

Kliniki za watoto hufundisha kumwotesha mtoto jua la asubuhi, na ushauri huo ni mwema. Ningeongeza tu jambo la saa. Jua likiwa bado chini, miale yake hupita hewa nyingi, na ile ya nanomita 290 hadi 315 humezwa na ozoni kabla haijafika. Mama anaweza kutazama kivuli chake ardhini. Kikiwa kirefu mara mbili ya urefu wake, mtoto anapata joto na mwanga lakini vitamini ni kidogo. Kivuli kikikaribia urefu wake mwenyewe, mambo yamebadilika, na dakika chache zinatosha kabla ngozi laini ya mtoto haijaanza kuungua.

Baada ya jua, kuna swali ambalo ningependa liulizwe kwa uzito ule ule: baada ya maziwa ya mama, mtoto anakula nini? Mchicha una kalsiamu, lakini una oksalati inayoishikilia isifyonzwe. Sukuma wiki haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Maziwa ni bei. Wanaobaki ni dagaa.

Chukua dagaa mmoja mkavu, mweke kiganjani, mpasue kwa ukucha. Uti wa mgongo wake ni uzi mweupe usiofika unene wa sindano, na mbavu zake huvunjika kwa kuguswa tu. Huyo huliwa mzima, na mifupa yake ni kalsiamu na fosfati kwa uwiano ambao mfupa wa mtoto unauhitaji. Minofu ya sangara haina kitu hicho. Huko Nigeria, Thacher na wenzake walirudi na jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2015: watoto wenye matege walipewa ama unga wa chokaa ama unga wa samaki waliosagwa na mifupa yao. Vyote viwili viliwaponya wengi wao, bila tofauti ya maana kati yake. Samaki wa sokoni walifanya kazi ya dawa.

Ziwa Victoria hutoa dagaa kwa maelfu ya tani kila mwaka, na sehemu kubwa yake huishia kwenye chakula cha kuku. Chanzo kimojawapo ni namna ya kuwaanika. Katika mialo mingi dagaa humwagwa juu ya mchanga; mvua ikiwakuta hapo huoza, na wakikauka salama hubaki na mchanga ambao mpishi hawezi kuutoa wote, kwa hiyo hununuliwa kwa bei ya chini na wasaga vyakula vya mifugo. Wakianikwa juu ya kichanja cha nyavu kilichoinuliwa kimo cha kiuno, hewa hupita juu na chini, hukauka haraka, na husagwa wazima, na vichwa na mifupa yao, kwenye unga wa uji wa mtoto. Kichanja ni miti michache, misumari, na wavu uliochakaa ambao mvuvi alikuwa autupe.